Gemu Ikiisha Ndipo Inakuwa Yako

Kuna sifa moja ya kuuzia gemu siku hizi ambayo mimi naiona ni tusi: eti haiishi. Kila baada ya miezi michache msimu mpya, mavazi mapya, ramani mpya, malipo mapya. Ukiuliza hadithi inaelekea wapi, unaambiwa subiri msimu ujao. Nimeshika padi zaidi ya miaka 20, tangu enzi za kupanga foleni kwenye kibanda cha PlayStation, na nasema wazi: gemu isiyotaka kuisha haina cha kuniambia.

Najua jibu litakalokuja. "Umezeeka, bro." Sawa, umri umesogea. Lakini hoja yangu si ya umri. Tetris ya mwaka 1984 nayo ilikuwa ya kupanga matofali tu mpaka ushindwe, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu haikuahidi hadithi. Mechi ya mpira kwenye skrini ina filimbi ya mwisho. Umefungwa umefungwa, mpe mwenzio padi. Mwenye kibanda naye alitaka hela, tena alisimama nyuma yako akiangalia saa. Ila hakuwahi kujifanya mtunzi. Muda ukiisha alikuambia umeisha, ukaenda nyumbani. Ninaogombana nao ni hawa wanaotuuzia saa ya kibanda halafu wanaiita riwaya.

Tazama wanavyofanya. Ndani ya FIFA, sehemu ya Ultimate Team iliuza pakiti za wachezaji: unalipa kwanza, ndipo unajua umempata nani. Mtaani kwetu hilo halihitaji maelezo, huko ni kubeti. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya bahati ya kulipia ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko FIFA Points, zile pointi za kununulia pakiti. Wabelgiji waliendelea kucheza mpira wao kama kawaida. Sasa niambie, zile pakiti zilikuwepo kwa faida ya nani?

Na gemu hizi zisipoleta hela ya kutosha, zinazimwa. Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024. Septemba 6 ikazimwa. Wiki mbili! Wanunuzi walirudishiwa fedha, ni kweli, lakini kazi ya miaka ya watu wengi ikafutika. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, na mwisho wa Machi 2024 seva zake zikafungwa. Hata mwenye diski kabatini hakuweza tena kuicheza. Wewe msomaji wa vitabu, hebu fikiria mchapishaji anaamua tu, na nakala yako ya Shaaban Robert inageuka kurasa nyeupe ikiwa palepale rafuni. Ungenyamaza? Wachezaji wa Ulaya hawakunyamaza. Kampeni ya Stop Killing Games ilivuka sahihi milioni 1 mwaka 2025.

Ugonjwa huu haukubaki kwenye gemu. Filamu ya 22 ya Marvel, mwaka 2019, iliitwa Endgame. Watu tulilia, Iron Man akazikwa. Basi, si imeisha? Wapi! Julai 2024 Robert Downey Jr. akatangazwa kurudi, safari hii kama Doctor Doom. Hata kifo sasa ni tangazo la msimu ujao. Halafu mashabiki wanapimana nani ametazama zote, kana kwamba kumaliza orodha ya kampuni ndiyo kupenda sanaa.

Ninachocheza sasa ni kidogo na kinaisha. Papers, Please ya Lucas Pope, 2013: wewe ni mkaguzi wa pasi kwenye mpaka wa nchi ya kubuni. Mume ana karatasi zote, mkewe hana. Ukiwapitisha wasio na karatasi, unaonywa, kisha unakatwa hela, na nyumbani kwako kuna watu wanangoja chakula. Aliyewahi kusimama dirishani Namanga au Tunduma na karatasi pungufu anajua hofu ile. Hapa unakaa upande wa pili wa kioo. Outer Wilds, 2019: jua linalipuka kila dakika 22, unaanza upya, na unachobaki nacho ni ulichojifunza tu. Ukishaijua siri yake, huwezi kuicheza tena kwa macho yaleyale. Disco Elysium, mwaka huohuo, imejaa maneno kuliko riwaya nyingi, na si ajabu: Robert Kurvitz aliyeiongoza alikuwa ameshachapisha riwaya kuhusu ulimwengu uleule mwaka 2013. Kwa hiyo nyie mnaosema gemu ni utoto, anzeni hapo, halafu tubishane.

Bibi zetu walilijua hili bila umeme. Paukwa, pakawa, sungura akafanya ujanja wake, kisha hadithi ikafungwa. Ilipofungwa ndipo ilipokuwa yako: ukaenda kulala nayo, kesho ukaisimulia kwa wenzako, ukaiongezea chumvi. Hadithi isiyofungwa inabaki mali ya msimuliaji, na wewe unabaki mteja wake, kila jioni, mkono mfukoni.

Basi kabla hujatoa hela, uliza maswali mawili. Hii inaisha? Na kampuni ikifunga seva, nitabaki nayo? Ukijibiwa hapana mara mbili, funga pochi. Hapo wanakukodishia foleni.