Omena, Mbalamwezi na Mtihani wa Biashara

Kila Jumapili soko la Kibuye, hapa Kisumu, hufurika hadi kandokando ya barabara. Huko ndiko nilikomkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada ya biashara akimsaidia mamaye kuuza omena. Katika jaribio la somo la utangulizi wa biashara, chuo chake kilikuwa kimempa alama 9 kwa 30. Nilipoiomba karatasi yenyewe, niliona kwamba maswali yote, tukiyafasiri, yalianza kwa kitenzi kimoja: taja. Taja sifa za mfanyabiashara bora. Taja njia za kupanga bei. Taja hasara za kuuza kwa mkopo.

Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa biashara; lakini vitenzi ndio unga wangu. "Taja" humwagiza mtahiniwa akumbuke. "Linganisha" na "tetea" humtaka apime. Benjamin Bloom na wenzake walipopanga ngazi za malengo ya elimu mwaka 1956, kukumbuka walikuweka chini kabisa na kutathmini wakakuweka juu. Sisi twahubiri ya juu, kisha twapima ya chini.

Hebu tuitazame hesabu ya sokoni. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa mbalamwezi taa hizo hazivuti samaki sawasawa, mavuno hupungua, na bei hupanda. Mvua nayo ikiwanyeshea omena walioanikwa, huharibika na huenda wakaishia katika chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mwenye magunia matatu, basi, auze leo au angoje mwezi ujae? Na jirani anayetaka gunia moja kwa mkopo, apewe? Kijana yule alinieleza hayo yote kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo. Yeye angengoja, alisema, ila wingu likitanda upande wa ziwa angeuza jioni ileile.

Hilo la wingu ndilo lililonisimamisha. Mtu anayejua ni jambo gani litakalombadilisha nia, huyo anafikiri. Kwa nini kisa kama hiki kisiwe swali la mtihani? Mtahiniwa aamue, atoe sababu, aseme na kinachoweza kuipindua hoja yake. Anayeuza na anayengoja wote waweza kupata alama kamili, na aliyetaja bila kupima asizipate.

Najua nitaambiwa kwamba wasahihishaji wawili watatofautiana. Kweli watatofautiana. Lakini sisi walimu wa lugha tumesahihisha insha miaka mingi: twakutana kwanza, twasahihisha nakala chache zilezile, twabishana hadi tukubaliane ndipo tugawane mafurushi. Ni kazi ya asubuhi moja. Kikwazo kigumu zaidi ni darasa la watu mia na zaidi kwa mwalimu mmoja, na hapo sina dawa, isipokuwa kusema kwamba swali moja la aina hii lafaa kuliko kumi ya kutaja.

Liko pia suala la Kiingereza. Hoja nzuri iliyovaa sarufi mbovu hunyimwa alama ya hoja, kana kwamba mwanafunzi hakufikiri. Alama za lugha na zitengwe.

Mtihani wa mwisho wa muhula wa kijana yule u karibu. Karatasi zake, naambiwa, zimekwisha kuchapishwa.