Mpare, kesi ya kuku na buku kumi yangu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Same. Namaanisha Same yenyewe, siyo ile mnayoipita mmesinzia kwenye basi la Arusha. Kwangu huko ni kwa wajomba.

Basi bwana, kundi la vichekesho kutoka Dar (jina nalihifadhi, sina hela ya wakili) likaja kutumbuiza jukwaani. Kiingilio buku kumi. Nikampigia simu mjomba wangu ashuke kutoka Vudee, maana tangu nikiwa mtoto sijasikia mchekeshaji kumzidi yule mzee, ila yeye hajawahi kulipwa hata senti. Akavaa lile koti lake la misibani, akapanda bodaboda, akaja.

Tangazo lilisema saa moja jioni. Wakapanda jukwaani saa tatu na nusu. Hilo nalo tumeshalizoea, tuliache.

Sasa sikilizeni tulichouziwa. Jamaa wa kwanza: Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wa pili: Mpare bahili. Wa tatu: Mpare na makande. Wa nne akarudi kwenye kuku. Kati ya kichekesho na kichekesho, lafudhi. Saa nzima ya lafudhi! Tena lafudhi yenyewe si ya Kipare, ni ile ya "mtu wa bara" wanayoitumia kwa kabila lolote. Nina hakika Singida watabadilisha jina la kabila tu na kazi itaendelea.

Najua mtaniambia nini. "Mwandishi umekuwa mnoko, huo ni utani tu." Hapo ndipo nilipotaka tufike. Utani ni mali yetu, na una sheria zake. Wapare na Wachaga ni watani, wanachambana mpaka msibani, na mtani anayekuja msibani kukejeli marehemu ndiye huyo huyo anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Kubwa zaidi, mtani hujibiwa. Mimi nakwambia bahili, wewe unaniambia napenda hela kuliko mama yangu, tunaenda hivyo mpaka mmoja aishiwe. Ukimnyang'anya mwenzako zamu yake ya kujibu, hiyo unaiitaje?

Kwa sababu mjomba alijibu. Kwenye kuku wa mara ya pili alisimama, akavua kofia, akasema taratibu kwa Chasu kisha akarudia kwa Kiswahili ili wageni wasipitwe: "Kijana, umechukua elfu kumi yangu, umechelewa saa mbili na nusu, na kichekesho ulicholeta babu yangu alikuwa anakijua. Naomba kuuliza tu, kesi nikufungulie hapa hapa Same au nikufuate Dar?"

Ukumbi ulivunjika. Mama mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza usiku ule watu kucheka kwa tumbo, siyo kwa adabu.

Mchekeshaji mwenye akili angeshukuru Mungu. Pale umepewa nusu saa ya kazi bure! Mjibu mzee, mpandishe jukwaani, fungueni hiyo kesi pale pale, ukumbi mzima uwe mahakama. Yeye akasema kwenye maiki, "Mzee kaa chini, wanaolipwa kuchekesha ni sisi." Na baunsa akaja akasimama pembeni ya kiti cha mjomba mpaka mwisho.

Kizazi chetu kimekulia Ze Comedy ya EATV, halafu Orijino Komedi ya TBC1. Lafudhi zilikuwepo, sikatai. Lakini wale jamaa walithubutu kuwaigiza waheshimiwa, na wewe nyumbani ukakaa ukijiuliza kesho itakuwaje. Hawa waliokuja baada yao wamechukua lafudhi na mawigi, waheshimiwa wakawaacha salama. Safari hii walikuwa wamekaa mstari wa mbele na maji ya chupa, hawakuguswa hata na nusu kichekesho. Aliyeguswa ni bibi wa Chome anayekula makande.

Bahili na kesi... mnakumbuka Shakespeare naye alimweka jukwaani mtu wa namna hiyo? Mwalimu Nyerere aliitafsiri ile komedi, Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969. Hata mle, mkopeshaji anayechekwa na wote anapewa muda wa kusimama na kujitetea. Hakuwekewa baunsa.

Na kama walitaka kesi ya Wapare, wangeuliza. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaja hapa hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa kupinga kodi ya mbiru, ambayo wakoloni walitaka kila mtu alipe kwa kadiri ya kipato walichomkisia. Waligoma mpaka hatimaye ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kuhusu mgomo ule. Hebu fikirieni hicho kichekesho: ofisa wa Kizungu na karani wake wanajaribu kukisia mali ya mzee wa Kipare, na mzee anawasaidia kutoa! Huko juu kuna ndiva, mabwawa ambayo maji yake ya shamba yanagawanywa kwa zamu. Mtu aliyekulia kwenye zamu ya maji lazima ajue kupima, nyie mnaita ubahili. Vichekesho vimejaa kila kona, ila vinataka mtu afike mchana, akae kijiweni, anunue kahawa.

Nikiri na la kwangu. Kwenye kuku wa kwanza nilicheka. Nilipofika chuo Dar nilificha lafudhi yangu miezi mitatu, na kichekesho hicho hicho nikawa nakisimulia mwenyewe bwenini kabla hawajaniwahi. Mjomba alikuwa kiti cha pembeni, na aliniona nacheka.

Asubuhi nikamsindikiza kupanda bodaboda ya kurudi Vudee. Nilitegemea lawama. Akafunga vifungo vya koti, akaniuliza, "Mjomba, hawa vijana watarudi lini?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuwa na jingine."