Ardhi Isigawanywe Mwenyewe Hayupo

MAONI YETU

Kila habari za Palestina zinapochacha, mjadala wa Waswahili wa hapa Dubai, migahawani Deira na kwenye makundi ya WhatsApp, huishia kwenye swali lilelile: nani alitangulia? Mmoja atataja Nabii Daudi na hekalu lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Mwenzake atataja Wakanaani, kisha Sayyidna Omar na karne kumi na tatu za wakulima wa Kiarabu na mizeituni yao. Wote wawili wana la kusema. Lakini swali lenyewe ni bovu, na sisi watu wa Afrika Mashariki tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni wa Theodor Herzl pendekezo la kuhamia nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wayahudi walikuwa wakiuawa katika himaya ya Urusi, na dhiki yao ilikuwa ya kweli. Ila hakuna aliyewauliza Wanandi na Wamasai waliokuwa wakilisha ng'ombe huko. Mpango ulikufa mwaka 1905 kwa kuwa mkutano wa Wazayuni mjini Basel uliukataa. Wenyeji hawakuwa na sauti hata katika kufa kwake, na miaka mitatu baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini walishafika na magari yao ya ng'ombe kugawiwa mashamba.

Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa pendekezo lile alikuwa Arthur Balfour. Ndiye huyohuyo aliyetia saini barua ya Novemba 2, 1917, akiwa sasa Waziri wa Mambo ya Nje, kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Waarabu walikuwa karibu tisa kwa kila wakazi kumi wa nchi ile, na barua haikuwataja hata kwa jina.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Wanaogawa ardhi hawaishi juu yake, na wanaoishi juu yake hawaitwi.

Tusijidanganye kwamba mwenyeji akipewa rungu la mababu atalitumia kwa haki. Katika Uasin Gishu hiyohiyo, Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na Wakikuyu waliokimbilia humo. Makumi walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Chanzo cha karibu kilikuwa uchaguzi, lakini kuni zilikuwa madai ya miaka mingi kwamba ardhi ile ni ya mababu wa wengine. Asili ya mtu inathibitisha kwamba ana kwao. Haimpi kibali cha kumfukuza jirani.

Kipimo hicho tukipeleke Palestina. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na sheria ya Israel ya mwaka 1950 ikaziweka mali zao mikononi mwa serikali kwa hoja kwamba wenyewe hawapo. Sheria nyingine, ya mwaka 1970, inamruhusu Myahudi kudai mali ya kabla ya 1948 iliyoko Jerusalem Mashariki. Mpalestina aliyeacha nyumba upande wa magharibi wa mji uleule hana haki hiyo. Ndiyo maana katika mtaa wa Sheikh Jarrah, familia za wakimbizi zilizopewa nyumba miaka ya 1950 zimekuwa zikiburuzwa mahakamani kwa hati za mababu wa watu wengine, huku hati zao wenyewe za Jaffa na Haifa zikiwa karatasi tupu. Hiyo ni mizani yenye jiwe chini ya sahani moja.

Na Myahudi naye? Wapo walioondolewa Hebron baada ya mauaji ya 1929, na maelfu kwa maelfu walioondoka Iraq na Yemen wakiacha kila kitu. Mamilioni wamezaliwa hapo walipo na hawana kwingine. Atakayesema warudi walikotoka anasema kile kile tunachokipinga.

Sasa tuje hapa tulipo. Septemba 15, 2020 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitia saini Washington mkataba na Israel, ukaitwa kwa jina la Nabii Ibrahim, ambaye kaburi lake liko Hebron, mji ambao Waarabu wanauita Al-Khalil. Wapalestina wa mji huo hawakuwa na kiti mezani. Serikali ya hapa ilisema imepata ahadi ya kusitishwa kwa mpango wa kutwaa maeneo ya Ukingo wa Magharibi, na Septemba 2025 ikaonya kwamba kuyatwaa ni mstari mwekundu. Onyo hilo tunaliunga mkono. Linaonyesha pia kwamba Falme hizi zina uzito Israel, na mwenye uzito huulizwa kautumia vipi.

Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tangu mwaka 1992 kampuni ya uwindaji ya OBC, inayohusishwa na watawala wa Dubai, ina kitalu Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Wenyeji wanasimulia kwamba simu zao zikishika mtandao karibu na kambi ya kampuni hupokea ujumbe wa kuwakaribisha Falme za Kiarabu. Juni 2022 vikosi vya usalama viliingia kuweka vigingi vya kutenga kilomita za mraba 1,500. Polisi mmoja aliuawa, Wamasai kadhaa walijeruhiwa kwa risasi, na mamia walikimbilia Kenya. Serikali ya Tanzania inasema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini miongoni mwa wanaoondolewa wamo watoto na wajukuu wa waliotolewa Serengeti mwaka 1959 na kuambiwa wakae huku. Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupa kesi ya vijiji vinne vya huko, Ololosokwan kikiwamo, Septemba 2022, na Novemba 2023 kitengo chake cha rufaa kikaamuru isikilizwe upya.

Huwezi kuililia Sheikh Jarrah ukanyamazia Ololosokwan. Msimamo wetu ni mmoja kwa pande zote. Falme za Kiarabu zisitie saini mkataba wowote kuhusu ardhi ya Palestina bila Wapalestina kuwa mezani. Kampuni za hapa zisipokee hata ekari moja Afrika Mashariki kabla ya vijiji husika kukaa mkutano mkuu na kuridhia. Serikali zetu nazo ziache kumpa mgeni ardhi yenye watu kana kwamba ni pori tupu.

Na wewe msomaji, mjadala ukirudi kwenye nani alitangulia, uliza jingine: nani anaishi hapo leo, na je, ameulizwa?