Aliyeona kwa Macho Yake Anaweza Kukosea

Ukisikiliza mazungumzo nje ya mahakama ya Voi siku ya kutajwa kwa kesi, au kwenye kituo cha matatu za Mwatate na Wundanyi, kuna sentensi moja ambayo hakuna anayeipinga: "Nilimwona kwa macho yangu." Ikishatamkwa, mengine yote hayana uzito. Mshukiwa anaweza kumleta mkewe aseme walikuwa wote nyumbani, anaweza kuleta risiti, anaweza kulia, lakini aliyeona ameshasema. Na kama aliyesema ni mtu wa heshima, mama anayejulikana kanisani au msikitini, asiye na kisa na yeyote, kumtilia shaka huonekana ni kumtusi.

Naipinga imani hiyo, na naipinga nikijua kwamba wengi wanaoishikilia ni watu wema. Shahidi mkweli, mwenye akili timamu, asiye na chuki, anaweza kumnyoshea kidole mtu ambaye hakuwepo kabisa, na akafanya hivyo bila kusita hata kidogo. Sizungumzii waongo. Mwongo ana dawa yake mahakamani: huulizwa maswali, akajikanganya, kisa chake kikavunjika. Aliyekosea kwa nia safi havunjiki, maana hana anachoficha. Ndiyo sababu ni wa hatari zaidi.

Mwaka 1984, mjini Burlington, North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson alibakwa chumbani mwake na mtu aliyeingia kwa nguvu usiku. Wakati wa unyama ule alijilazimisha kuukariri uso wa mtu yule, ili akipona amfikishe kortini. Polisi walimwonyesha picha, akachagua ya Ronald Cotton. Baadaye alipangiwa watu mstarini, akamchagua Cotton tena, na polisi wakamwambia kwamba ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Tangu hapo hakuyumba. Cotton alifungwa maisha. Kesi iliporudiwa mwaka 1987, mtu mwingine aitwaye Bobby Poole aliletwa mbele ya Thompson, naye akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vilionyesha kwamba mbakaji alikuwa Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi. Tafakari hapo: mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kuikumbuka sura ile aliletewa mhusika mwenyewe, akamkana, huku akiendelea kumshikilia asiyehusika.

Wengi hujibu kwamba hofu huichora sura moyoni isifutike. Dai hili limepimwa. Mwaka 2004 daktari wa akili Charles Morgan na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanajeshi zaidi ya 500 wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kukabiliana na utekaji. Kila mmoja alihojiwa mara mbili, ana kwa ana, kwenye mwanga wa kutosha, kwa zaidi ya nusu saa: mara moja kwa ukali na vitisho vya mwili, mara nyingine kwa upole. Baada ya siku moja waliulizwa aliyewahoji ni yupi. Walipopangiwa watu mstarini, asilimia 62 walimtambua yule mpole. Yule mkali, aliyewatia hofu kweli kweli, alitambuliwa na asilimia 30 tu. Hao ni askari waliofunzwa. Sasa mweke mama muuza mboga anayerudi mtaani Kaloleni, hapa Voi, saa nne usiku, ashikiwe panga kwa dakika moja gizani na macho yake yote yawe kwenye panga.

Kuona ni mwanzo tu. Baada ya kuona kuna kukumbuka, na kumbukumbu ni kama kiporo: kila unapokipasha unaongeza maji na chumvi, hadi ladha ya jana inapotea bila wewe kujua. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikwenda kasi gani yalipogongana. Wengine waliulizwa kwa neno zito zaidi, yalipopondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la kwanza ni 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Kama neno moja linaweza kuzalisha vioo, swali la afisa kituoni, "Alikuwa na koti jeusi, sivyo?", linaweza kuzalisha koti, na baada ya koti, mwenye koti.

Leo kuna WhatsApp. Mtu huibiwa usiku, na kabla hajafika kituoni asubuhi picha ya kijana fulani imeshazunguka kwenye kundi la mtaa ikiwa na maneno "huyu ndiye anayetusumbua". Mwathiriwa anaitazama mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Akimwona kijana yule kwenye gwaride la utambuzi, sura haitakuwa ngeni kwake hata kidogo. Ila ameitoa wapi? Nchini Australia, mwanasaikolojia Donald Thomson alikamatwa baada ya mwanamke aliyebakwa kumtaja kuwa ndiye mbakaji. Bahati yake ni kwamba saa ile ile alikuwa kwenye matangazo ya moja kwa moja ya runinga, akizungumzia kumbukumbu za mashahidi. Mwanamke alikuwa akitazama kipindi hicho aliposhambuliwa, na sura ya kwenye runinga ikakaa mahali pa sura ya mbakaji. Thomson aliokolewa na kamera. Kijana wa mitaa ya Sofia au Birikani hapa Voi aliyekuwa amelala kwao usiku ule ataokolewa na nini?

Kuna wanaoziona habari hizi kuwa hoja za Wazungu zilizoletwa kuwatetea wahalifu. Hawajui historia ya mahakama zetu wenyewe. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdala bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa utambuzi wa shahidi mmoja lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, hasa mazingira ya kuona yakiwa magumu. Katika kesi ya Roria ya mwaka 1967 majaji walikiri kwamba hukumu inayosimama juu ya utambuzi pekee huleta wasiwasi. Katika kesi ya Maitanyi ya mwaka 1986, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisisitiza kwamba haitoshi kusema palikuwa na mwanga: ni mwanga wa nini, una nguvu gani, ulikuwa wapi ukilinganisha na mshukiwa? Koroboi iliyo nyuma ya mtu haionyeshi uso wake. Mwezi mpevu juu ya mlima Kasigau unaonyesha umbo, na umbo la mtu mwembamba mrefu wanalo wengi.

Kwa hiyo sheria inajua. Tusiojua ni sisi, na sisi ndio mashahidi.

Huku kwetu kuna jibu ambalo hutolewa haraka, na lina nguvu: "Lakini mimi namjua, ni jirani." Kule Werugha au Sagalla watu wamekua pamoja, wanajuana kwa mwendo na kwa kikohozi. Mahakama zetu zimekubali, tangu kesi ya Anjononi ya mwaka 1980, kwamba kumtambua unayemjua kuna uzito zaidi kuliko kumtambua mgeni. Nakubali. Lakini mahakama ya Uingereza katika kesi ya Turnbull ya mwaka 1976, ambayo mahakama zetu huirejelea mara kwa mara, ilionya kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki wa karibu. Nani hajawahi kumwita rafiki yake barabarani mchana, kisha aliyegeuka akawa mtu mwingine? Pale mwito unaishia kwa samahani. Kwenye wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu bado kinataja kifo. Na kwa kuwa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, maana yake ni kuzeekea ndani. Isitoshe, ujirani huleta jambo lake. Katika giza akili hutafuta jina la kuweka juu ya kivuli, na jina lililo karibu ni la yule ambaye kijiji kimeshamshuku.

Utambuzi usioulizwa swali una historia yake hapa karibu: ukitoka Voi kwenda Mtito Andei unapita Manyani. Wengi wetu tunalijua kama gereza tu. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil ya kuwasaka Mau Mau, na wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, walioitwa gakunia. Kichwa cha gakunia kikitikisika, mtu ametambuliwa. Maelfu waliishia nyuma ya seng'enge za Manyani na Mackinnon Road, bila kesi, wengine kwa miaka. Wako waliotajwa kwa kweli, wako waliotajwa kwa chuki, wako waliotajwa kwa sababu mwenye gunia alidhani anawajua. Hakuna awezaye kuwatenganisha leo, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuuliza swali. Tunauona ule kuwa udhalimu, na ni udhalimu kweli. Basi tusiuendeleze kwa mikono yetu.

Maana tunauendeleza. Kenya haina juri, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi kule Uingereza na Marekani. Wakati wa ukoloni juri ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akiwa na wazee wa baraza ambao ushauri wao haukumlazimu jaji, na hata hao walifutwa mwaka 2007. Lakini juri ya barabarani tunayo, na inakaa kila siku. Mtu mmoja anapiga kelele, "Mwizi, ni huyo!", na kwa dakika chache kuna mawe, tairi na petroli. Solomon Asch alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba watu wengi, wakizungukwa na wenzao wanaosema mistari miwili isiyolingana inalingana, hufuata wenzao angalau mara moja ingawa macho yao yanakataa. Kule ilikuwa mistari kwenye kadi, bila hasira na bila tairi. Katika umati, wa pili anarusha jiwe kwa sababu wa kwanza alisema, na wa kumi kwa sababu tisa wamerusha. Aliyeona ni mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwanga ulitoka wapi.

Hata waamuzi walioketi kwa utulivu hunaswa na mtego huu. Katika jaribio la Loftus la mwaka 1974, asilimia 18 ya watu waliopewa kesi ya kubuni bila shahidi wa macho walimtia hatiani mshtakiwa. Alipoongezwa shahidi aliyesema nilimwona, ikawa 72. Ilipoelezwa kwamba shahidi huyo haoni vizuri na siku ile hakuvaa miwani, bado ikabaki 68. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kumvunja shahidi husaidia kuliko ilivyodhaniwa wakati ule, nami sitaificha habari hiyo. Ila huyo wa jaribio alivunjwa na wakili. Katika mahakama zetu washtakiwa wengi hawana wakili. Kijana wa machimboni anaambiwa amhoji shahidi, anasimama kizimbani akisema "si mimi", na hilo linaandikwa kuwa ndiyo mahojiano.

Nimeulizwa mara nyingi: basi wezi wote waachiliwe? Hapana. Anayemfunga asiyehusika ndiye anayemwachilia mhalifu. Cotton alipokamatwa, Poole alibaki mitaani na kuwashambulia wanawake wengine. Wala sayansi haisemi shahidi hana thamani. Mwaka 2017 John Wixted na Gary Wells walieleza kwamba uhakika wa shahidi siku ya kwanza, katika utambuzi uliofanywa kwa haki, unaweza kuaminiwa kwa kiwango kikubwa. Usioaminika ni uhakika wa mahakamani, ambao umeshalishwa na kila kilichotokea katikati. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema jambo linalofanana na hilo mwaka 1952 katika kesi ya Tekerali: taarifa ya kwanza kwa mwenye mamlaka ni kipimo kizuri cha ukweli wa maneno yatakayofuata.

Kwa hiyo taarifa ya kwanza ndiyo dhahabu, nasi tunaitupa. Mara nyingi mlalamishi anasema kwa Kitaita au Kiswahili, afisa anaandika kwa Kiingereza, na katika kuhama huko "kijana mwenye kovu karibu na sikio" anakuwa "mtu asiyejulikana". Miezi kadhaa baadaye kovu linaibuka mahakamani, na hakuna ajuaye kama lilikuwepo tangu mwanzo au limetoka kwenye sura ya aliye kizimbani. Kanuni za gwaride zipo tangu kesi ya Mwango Manaa ya mwaka 1936: mshukiwa awe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na hali ya maisha, anayepeleleza kesi asiliendeshe, shahidi asimwone mshukiwa kabla. Nataka ziongezewe mambo mawili: gwaride lote lirekodiwe kwa video, na shahidi aulizwe hapo hapo ana uhakika kiasi gani, jibu lake liandikwe kwa maneno yake kabla afisa hajamwambia lolote. Simu za kufanya hivyo kila kituo kinazo.

Na wewe ukivamiwa usiku wa leo, kabla majirani hawajakusanyika na kuanza kukutajia majina, mwambie mtu mmoja aandike ulichokiona na usichokiona: mwanga ulitoka wapi, alikuwa mbali kiasi gani, uso uliuona au uliona kofia tu. Nenda na maandishi hayo kituoni, na taarifa yako ikishaandikwa omba usomewe kwa lugha unayoielewa kabla hujatia sahihi. Picha ikija kwenye simu usiifungue. Ukiitwa kwenye gwaride na humwoni aliyekuvamia, sema humwoni, hata kama kila aliye kwenye chumba kile anasubiri umguse mtu bega.