Uraka si juisi ya watoto



Msimu wa korosho umefika tena huku Mandawa, na mabibo yametapakaa chini ya mikorosho. Yanakamuliwa, yanaachwa yachachuke, tunapata uraka. Ukichemshwa na mvuke wake kukingwa, ndiyo gongo. Hilo si geni. Kinachoniuma ni mzazi anayemmiminia mwanawe wa miaka 13 kikombe, akisema, "Bora anywee nyumbani nikimwona."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Baba anayegawa bure anadhani yeye hayumo. (Asubuhi mtoto huyo huyo anatumwa kuokota korosho, kichwa kinamuuma.)

Mimi ni mlezi wa vijana wa kwaya. Mwaka jana nilikosea: nilimsema mbele ya wenzake kijana mmoja aliyekunywa. Hakurudi tena, na baba yake akaacha kuniitikia salamu. Siku hizi nakwenda nyumbani kwa kijana jioni, naomba kigoda, naongea na mzazi kwanza, kijana akiwa hayupo. Wengine hunisikiliza, wengine hunicheka. Lakini kwenye mazoezi na safari zetu hakuna kikombe, hata kama mama ameruhusu. Na kijana akija amelewa hatumfukuzi, tunamsindikiza hadi mlangoni kwao.

Walezi wenzangu wa madrasa na makanisa, kabla msimu haujaisha tukae na wenyeviti wa vijiji, tukubaliane neno moja la kuwaambia wazazi.

Mlezi wa vijana,
Mandawa, Ruangwa.