Mfumo Upimwe Siku ya Foleni

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ngulyati, wilayani Bariadi, dirisha la usajili wa kozi likafunguliwa. Nikajiunga bando, nikaingia kwenye mfumo wa chuo. Kiduara kikazunguka weee, mpaka bando likakata. Kuuliza, nikajibiwa mfumo uko vizuri, mtandao wa huko kwetu ndio mbovu. Sawa, Ngulyati siyo Dar. Ila wenzangu waliobaki hosteli, hatua chache kutoka chumba cha seva, walikuwa wanalia vilevile. Na asiyejisajili hasaini bumu, kwa hiyo tusichukulie poa.

Nasoma kompyuta, na maoni yangu ni haya: kabla ya kulalamikia udogo wa seva, tuulize kama kuna aliyewahi kuipima kwa mzigo wa kweli.

Pale senta kwetu kuna mashine ya unga. Injini moja ya dizeli, mikanda miwili, mmoja wa kinu cha kukoboa, mwingine cha kusaga. Kikiwashwa kimoja, mambo safi. Vikiwashwa vyote, injini inanguruma na kila kinu kinapungua kasi. Seva pepe ndivyo zilivyo. Kompyuta moja kubwa inagawanywa: kanzidata ya usajili huku, ya matokeo kule, ya ada pembeni, na kila moja inajiona iko peke yake. Kumbe prosesa na diski ni zilezile. Na sisi tunalipa ada, tunaangalia matokeo na kusajili kozi saa ileile! Ukipima seva ya usajili wakati nyingine zimelala, umepima kinu kimoja.

Wenzetu walishaliona hili. TPC, baraza la vipimo vya kanzidata lililoanzishwa 1988, lina kipimo kiitwacho TPCx-V, mahususi kwa kanzidata zilizo ndani ya seva pepe. Zinaendeshwa kadhaa kwa pamoja, huku mzigo ukihamahama kati yake. Sisi hatuhitaji makubwa hayo. Pgbench inakuja bure na PostgreSQL, JMeter nayo ni bure.

Halafu tusidanganyane kwa wastani. Wanafunzi 90 wakijibiwa kwa sekunde 1 na 10 wakasubiri sekunde 30, wastani ni sekunde 3.9, na ripoti inapendeza. Mimi niko kwenye wale 10. Ripoti iseme wanafunzi 95 kati ya 100 walijibiwa ndani ya muda gani, wakiingia 100 kwa mpigo, kisha 500, kisha 2,000, mpaka mfumo uelemewe.

Hapo ndipo tutajua kama kuongeza prosesa kutasaidia. Kozi yenye nafasi 60 inaweza kuwa na rekodi moja tu inayohesabu nafasi zilizobaki. Kila anayesajili anaifunga kidogo wakati anaandika, wengine wanangoja mlangoni. Hata ukitoka prosesa 4 ukaenda 16, foleni ile inabaki palepale, na hela imeshaliwa.

Wawakilishi wetu, kikao kijacho ombeni matokeo ya kipimo cha namna hii. Kama hayapo, tuko wengi mwaka wa mwisho tunaohangaika kutafuta mada ya mradi. Tupeni nakala ya mfumo isiyo na taarifa za watu, tupime wenyewe. Dirisha lijalo likifunguliwa nitakuwa Ngulyati tena.