Motokari ina jicho lake, lakini shofere asifunge yake



Kila mwaka, toka mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, vumbi jekundu la Lubumbashi linalala juu ya kila kitu: majani, mabati, na vioo vya motokari zetu. Kisha mvua ya kwanza inashuka, na siku hiyo ndipo tunakumbuka kwamba motokari ina esuiglasi. Siku hiyo tumekwisha kuchelewa.

Nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Jioni moja ya mvua, mwenzangu wa kazi alinibeba katika motokari yake, tukirudi kwetu Golf. Motokari yake ni ya kisasa: mvua ikianguka, esuiglasi zinaanza kupangusa zenyewe. Jioni ile hazikutikisika. Nikamwambia: «Yaya, washa kwa mkono.» Akajibu: «Ngoja, zitaanza zenyewe.» Hazikuanza. Akainamisha kichwa kutafuta alama ya AUTO karibu na volani. Alipoinua uso, mama mmoja mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni alikuwa mbele yetu.

Frena zilikamata. Tulisimama hatua moja tu karibu naye. Beseni lilianguka, nyanya zikatawanyika katika balabala. Mama yule hakututukana. Alituangalia, kisha akaanza kuokota nyanya zake, na sisi tukashuka kumsaidia chini ya mvua.

Tufanye hesabu kidogo. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inakata karibu meta 17 kila sekunde. Ukiinamisha kichwa sekunde 3, umekwenda meta 50, nusu ya kiwanja cha mpira, kama kipofu. Mimi kazi yangu ni dispanseri, na ninajua kushona jeraha. Lakini kuna ajali ambazo sindano na uzi haviziwezi.

Chombo hiki kinafanya kazi namna gani? Nyuma ya kioo kidogo cha kutazama nyuma, juu ya kioo kikubwa cha mbele, kuna kijicho ambacho mafundi wanakiita kapteri. Kinatuma mwangaza usioonekana na macho ya mtu ndani ya kioo. Kioo kikiwa kikavu, mwangaza unarudi wote. Tone la maji likikaa nje, sehemu ya mwangaza inatoroka. Kapteri inaona mwangaza umepungua, na inaamuru esuiglasi zipanguse. Basi haioni mawingu wala balabala. Inaona tu kipande kidogo cha kioo kilicho mbele yake. Kipande hicho kikiwa kichafu au kimepasuka, kapteri inadanganyika.

Kwa hiyo, zikigoma, usikimbilie kununua kapteri mpya. Fuata njia hii, motokari ikiwa imesimama:

1. Angalia mkono wa esuiglasi karibu na volani. Je, uko kwenye AUTO? Motokari nyingine zinataka uuweke upya kila unapowasha moteri. Angalia pia kama kipimo cha mvua hakikuwekwa chini sana.

2. Osha kioo kwa maji na sabuni, hasa kile kipande kilicho mbele ya kapteri. Usipanguse vumbi kavu. Mchanga unakwaruza kioo.

3. Gusa mipira ya esuiglasi. Jua la kiangazi linaikausha na kuipasua. Mpira mbaya unaacha mistari ya maji, kapteri inafikiri mvua ingali inanyesha, na esuiglasi zinapangusa bila kupumzika.

4. Washa kontakti, weka AUTO, umwage maji kidogo na chupa mbele ya kapteri. Mikono ikae mbali, na watoto vilevile! Kwa sababu hiyohiyo, zima AUTO kila mara unapoosha motokari.

5. Jaribu kwa mkono. Kama hata kwa mkono hazitembei, tafuta fizibu au moteri ya esuiglasi. Kama kwa mkono zinatembea na kwa AUTO hazitembei, ugonjwa uko kwa kapteri, kwa waya zake, au kwa namna ilivyobandikwa.

Kwa mwenzangu ugonjwa ulikuwa huo wa mwisho. Alikuwa amebadilisha kioo cha mbele. Kati ya kapteri na kioo kunawekwa kibandiko laini kama ute. Fundi alirudisha kile cha zamani, na mapovu ya hewa yakabaki ndani. Mwangaza hauwezi kupita vizuri katika mapovu. Ukibadilisha kioo, taka kibandiko kipya, na uulize kama kioo hicho ni cha motokari yenye kapteri. Motokari nyingine zinahitaji pia mashini ya garaji ili kapteri ifundishwe kioo chake kipya.

Wengine wanasema: «Tuvitupe vitu hivi vya kujiendesha.» Mimi sikubali. Esuiglasi ya kujiendesha ikiwa nzima, inamwachia shofere mikono kwenye volani na macho mbele. Ni kama termometre. Ninaipenda na ninaitumia kila siku. Lakini mtoto akiwaka moto mikononi mwangu na termometre inasema hana homa, siwezi kumrudisha nyumbani. Ninachukua termometre nyingine. Chombo kinasaidia akili, hakikai mahali pake.

Na jambo moja linanisumbua. Motokari ya kampuni tunaikagua kabla ya kutoka: frena, mataa, mipira, esuiglasi. Motokari yetu wenyewe, inayobeba bibi na watoto, nani anaikagua? Wengi wetu tunaendesha motokari za volani ya kuume zilizopitia Dar es Salaam, katika nchi ambamo tunatembea upande wa kuume. Tukitaka kupita lori, tunaona kwa taabu hata wakati wa jua. Sembuse kioo kikiwa na matope, na shofere ametoka posti ya usiku?

Basi shauri langu ni hili. Kabla ya mvua ya kwanza, toa nusu saa siku ya yenga, ukague esuiglasi pamoja na watoto wako wakubwa. Jifunze kuwasha kwa mkono bila kuangalia, kama unavyojua kufungua mlango wa nyumba yako gizani. Kama huoni, punguza mwendo, tafuta mahali salama, simama. Na ninyi mama mnaokaa kando ya shofere, msinyamaze. Mimi jioni ile nilisema mara moja tu, kisha nikanyamaza. Ningesema tena, nyanya zisingeanguka.